Mashine ya kufulia ya kukodi mpaka iwe yako, dola 32.99 kwa wiki. Hii kitu ikoje wenzangu?

Mama_Neema

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za huko mliko. Niko Louisville, Kentucky, tulitoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, tukaletwa hapa, nyumbani tuko watoto sita na baba yao na mama mkwe. Tumehamia apatimenti nyingine, hii ina kachumba ka mashine ya kufulia, bomba za maji ziko na plagi iko ila mashine zenyewe hamna. Kwahiyo kila Jumamosi nabeba mifuko naenda laundri ya sarafu, kufua na kukausha nguo za watu tisa dola 40 inaenda, na wiki mama mkwe akitaka mablanketi yafuliwe inapita hapo, na siku nzima imekufa.

Kuko duka moja karibu na hapa wameandika mlangoni kwa maandishi makubwa kwamba hawaangalii kredito, yaani rekodi yako ya kulipa madeni. Niliingia na binti yangu mkubwa ndo mkalimani wangu. Kijana wa pale, mpole kweli, akatuonyesha mashine ya kufulia na draya, ile ya kukaushia, akasema zote mbili dola 32.99 kwa wiki, wanaleta bure, wanafunga wenyewe, ikiharibika wanakuja kutengeneza, ukifikisha wiki 91 zinakuwa zako, na ukishindwa hata wiki ijayo unawapigia tu wanakuja kuchukua hudaiwi kitu. Baba Neema kasikia 32.99 akasema sasa tunangoja nini, si ni chini ya laundri? Mimi roho inakataa ila sina cha kumjibu maana hesabu yake naiona iko sawa.

Naomba kujua, huu ni mkopo au ni nini? utatujengea kredito? nikilipa nusu halafu nikashindwa ile pesa inaenda wapi? Na kwenye karatasi binti kaona dola 2.50 nyingine kila wiki, yule kijana alipoulizwa akasema hiyo ni ya usalama tu. Msinicheke jamani, nimeuliza ili nisije nikalia baadaye.

Fundi_Zamani_FW

Mama Neema hakuna wa kukucheka, watu wazima wenye digrii zao wanaingia humo kila siku. Mimi nilifanya kazi kwenye duka la namna hiyo hapa Texas, nilianza kwenye lori la kupeleka mizigo nikamalizia kaunta, kwahiyo nakwambia ya ndani.

Kwanza sio mkopo. Hapo ndo kila kitu kinaanzia. Wewe ni mpangaji wa mashine, unapanga wiki moja, ikiisha unapanga nyingine, mpaka ile ya 91 ndo mashine inahama jina. Mpaka wiki ya 90 mashine ni ya duka, hata kama umeshawalipa hela ya kununulia pea mbili. Ukirudisha wiki ya 60 hudaiwi kweli, hapo kijana hajakudanganya, ila na wewe hudai. Yote uliyotoa inahesabika ni kodi ya kutumia.

Sasa kwanini wiki na sio mwezi? Watu wanadhani ni kwa sababu wateja wanalipwa mshahara kwa wiki, na hiyo ipo, ila kuna na sheria ndani yake. Marekani wana sheria ya tangu 1968 inayomlazimisha anayekopesha akuandikie riba ya mwaka wazi kabisa, asilimia ngapi. Kuna na ya mikataba ya kukodi vitu, hiyo inagusa mkataba unaozidi miezi minne. Mkataba wa wiki wiki ambao unaweza kuuacha saa yoyote hauingii huku wala huku. Ndo maana kwenye karatasi yako hutaona asilimia hata moja. Sio kwamba haipo, ni kwamba hawalazimishwi kuiandika. Majimbo karibu yote yana sheria zao za hii biashara na mengi yanalazimisha karatasi ionyeshe vitu kama jumla utakayolipa, malipo mangapi, bei ya keshi (ukilipa yote mara moja), na kama kitu ni kipya au kimeshatumika. Mwambie binti atafute hayo kabla ya kitu kingine chochote, mara nyingi yamewekwa kwenye kiboksi.

Twende kwenye hesabu. 32.99 mara 91 ni dola 3,002.09. Ile 2.50 sio ya usalama, ni ya kuwafanya wasikudai mashine ikiungua au ikiibiwa, na siyo lazima, unaweza kukataa. Sisi kaunta tulikuwa tunaambiwa tuiweke kimya kimya mpaka mteja aseme aitoe. Mara 91 inakuwa 227.50. Jumla 3,229.59 na hapo kodi ya mauzo ya jimbo bado, Kentucky ni asilimia 6. Angalia na bei ya keshi waliyoandika, nadhani itakuwa kama 1,500 hivi, maana wengi wanapenda iwe nusu ya jumla. Halafu nenda duka la kawaida uangalie pea kama hiyo inauzwaje, ya kujazia juu isiyo na mbwembwe, utaipata kwa elfu moja na kitu na sikukuu za ofa inashuka. Kwahiyo hata hiyo bei yao ya keshi imeshavimba kabla hujaanza kukodi.

Na usikubali mtu akwambie "ni kama 130 kwa mwezi". Mwaka una wiki 52 sio 48. Inatoka karibu 143 kwa mwezi.

Kredito: mara nyingi hawapeleki taarifa zako za malipo kokote, kwahiyo ukilipa vizuri miaka miwili hakuna anayejua. Ukivurunda na deni likauzwa kwa wakusanya madeni, hao wanajua kupeleka taarifa.

wa_Nakuru254

Niaje watu wangu. Mama Neema, vile mzee wako anafikiria ndio hata mimi nilifikiria nilipokuja huku, nikasema si hii ni ile lipa pole pole ya nyumbani tu. Kumbe wapi. Kwetu Kenya tuko na Sheria ya Hire Purchase, Sura ya 507, na ndani yake kuna kitu ilisaidia auntie yangu: ukishalipa theluthi mbili ya bei ya mkataba, mwenye duka hawezi kukuja tu na pikap akubebee kuka, yaani jiko, lazima akupeleke korti kwanza. Yaani vile unalipa ndio unazidi kuwa na nguvu juu ya hicho kitu. Huku hiyo hakuna kwa hizi za kukodi, umelipa wiki 85 ama umelipa 5, wewe ni mpangaji tu.

Lakini si states zote zimekubali hiyo story ya "sio mkopo". New Jersey kesi ilifika Mahakama ya Juu ya hiyo state mwaka wa 2006, wakasema hii ni kuuza kwa mkopo hata muite jina gani, na kule riba ikipita asilimia 30 ni jinai. Wisconsin na Minnesota pia wanazichukulia kama mauzo ya mkopo. Kentucky sio moja ya hizo, so usiende dukani ukiwapigia kelele ya New Jersey haha

Mama_Neema

Asanteni sana, Mungu awabariki. Kaka fundi umesema bei ya keshi kama 1,500, binti kaangalia karatasi ni 1,501, wewe kweli ulikuwa humo. Lakini baba Neema kasoma majibu yenu akasema sawa, ila laundri mara 91 ni 3,640, bado kukodi ni chini, na siku zangu za Jumamosi narudishiwa. Hapo nimjibu nini?

Msafiri_Tanga

Mjibu kwamba yuko sahihi 😀 Naona hapa kila mtu anaponda, wacha niseme na upande wa pili. Nilipofika Ohio sina kredito sina ndugu, nafanya kazi ya muda hata sijui nitabaki mji ule au nitahama, nilikodi kitanda na friji kwenye duka la hivyo, nikatumia, nilipopata kazi ya malori nikawaita wakaja wakachukua, tukaagana vizuri. Nililipa hela nyingi kwa friji? ndio, lakini sikununua friji ya kuiacha njiani. Hawakuniomba depoziti wala mtu wa kunidhamini. Na FTC, ile tume ya serikali ya biashara, waliwahi kuwauliza wateja wenyewe ripoti ikatoka 2000, asilimia 75 walisema wameridhika. Kwahiyo tusiwafanye watu wote wanaoingia kule ni wajinga.

Fundi_Zamani_FW

@Msafiri nakubali ulivyotumia wewe, hiyo ndo matumizi yenye akili, ulikodi kama mtu anayekodi kweli. Ila malizia ripoti hiyohiyo: walikuta karibu asilimia 70 ya vitu vilivyokodiwa viliishia kununuliwa, na waliolalamika kubwa lao lilikuwa bei. Maana yake wengi hawaingii kama wewe, wanaingia kama Mama Neema, wanataka kitu kiwe chao. Kwa hao hesabu ni nyingine.

Na vile vinavyorudi, unadhani vinaenda wapi? Friji yako ilifutwa, ikapigwa dawa, ikarudi sakafuni ikakodishwa tena, inapunguzwa kidogo au inawekewa wiki chache. Nimewahi kupeleka televisheni moja nyumba tofauti mpaka nikaijua kwa mkwaruzo wake. Hakuna ubaya, ila mteja wa tatu naye anaandikiwa bei ambayo kwa akili yangu ni ya kitu kipya.

Baba Neema sasa. Mwambie anapima kitu kibaya. Laundri na kukodi sio njia mbili pekee, kuna ya tatu hajaiweka mezani. Mashine za mkono wa pili, pea inayofanya kazi, unaipata dola 300 mpaka 400 kwa watu wanaohama wanauza mtandaoni, au kwenye maduka ya vifaa vilivyotumika ambayo mengine yanakupa na waranti ya mwezi au miezi mitatu. Hiyo ni laundri ya wiki 10. Zile 81 zilizobaki hela inakaa mfukoni, toa maji na umeme tu ambayo hata ukikodi utalipa. Hata mpya kabisa, tuseme 1,200, ni laundri ya wiki 30.

wa_Nakuru254

Na mwambie pia Ijumaa ikifika na hela haijaingia, laundri haikupigii simu 😂 hawa watu wanapiga. Wanapiga wewe, wanapiga kazini, wanapiga wale watu uliandika kama marafiki wa kuulizwa. Cousin yangu alichelewa siku mbili, pastor akajua.

Mama_Neema

Yesu wangu, pastor tena! Kweli kwenye fomu kuko mistari ya majina manne na namba zao, nilidhani ni ya dharura.

Swali jingine, yule kijana alisema kuko na siku 90, ukimaliza ndani ya siku 90 ni sawa na keshi. Si hapo nalipa 1,501 tu? Na kama tukichukua halafu tukakwama, wanaweza kuingia ndani wakachukua? Mama mkwe anabaki peke yake mchana na haelewi Kingereza.

Fundi_Zamani_FW

Siku 90 ipo kweli kwenye maduka mengi, na kama una uhakika wa hela, kwa mfano unangoja ile ya marejesho ya kodi ya mapato mwezi wa pili, ndo njia ya kutoka humo ukiwa na ngozi. Ila gawa mwenyewe: 1,501 kwa wiki kama 13 ni zaidi ya 115 kwa wiki, na wewe unalipa 32.99. Ukiendelea na 32.99 siku 90 zikipita umelipa kama 429 na mlango umefungwa, umerudi kwenye njia ndefu. Hakuna atakayekupigia kukumbusha hiyo tarehe, za Ijumaa watapiga. Na uliza kwa maandishi kama kila ulicholipa kinahesabiwa kwenye ile 1,501. Uongo wa "sawa na keshi" sio wa kubuni, mwaka 2020 kampuni ya Progressive Leasing ilikubali kulipa dola milioni 175 kumaliza kesi na FTC, waliambiwa walikuwa wanawafanya watu waamini hawalipi chochote juu ya bei ya kawaida wakati wengi walimaliza wamelipa karibu mara mbili. Hiyo wanaifanyia kwenye kaunta za maduka ya fanicha na simu ya watu wengine, kwahiyo ukiambiwa dukani "hatukopeshi ila tuna mpango bila kredito" jua ni ndugu yake huyu.

Zikipita 90 bado unaweza kununua mapema. Mikataba mingi niliyoishika mimi ilikuwa nusu ya kilichobaki. Kwako ukifika wiki ya 40 umelipa 1,319.60, kimebaki 1,682.49, nusu yake 841 na ushee, kwahiyo umetoka na 2,160 badala ya elfu tatu. Bora, ila bado ni ghali.

Kuingia ndani: hawaruhusiwi kuvunja mlango wala kulazimisha. Tulikuwa tunagonga, tunabembeleza, mtu akisema hapana tunaondoka tunarudi kesho. Mfundishe bibi neno moja tu, "no", na asifungue. LAKINI usifiche mashine, usihame nayo bila kuwaambia, na usiiuze hata kama umeilipa mpaka wiki ya 90, sio yako. Kuna majimbo mtu asiyerudisha na asiyejibu barua amefunguliwa kesi ya wizi, na hapa Texas hilo limewapata watu. Kwa sisi tunaongojea makaratasi ya uhamiaji, kesi ya wizi sio ya kuchezea kwa sababu ya draya. Ukishindwa, piga simu wewe kwanza, rudisha, dai risiti ya kurudisha. Majimbo mengi yanakupa na haki ya kuendelea ulipoishia ukirudisha mwenyewe kwa hiari ndani ya muda fulani, uliza muda wenyewe umeandikwa wapi.

Baba_Byamungu

Binti yangu Mama Neema, marahaba. Mimi niko Iowa, mtu wa Bukavu. Nimesoma yote hapa vijana wamesema vizuri, naongeza mambo mawili.

La kwanza, kanisani kwenu au watu wa Nyarugusu mlioko Louisville hamna kibati? Wengine wanaita likelemba, Wakenya chama. Sisi hapa tuko na wamama kumi, kila mmoja anatoa dola 40 kwa wiki, wiki moja mmoja anachukua 400 yote. Wamama wametoa vitanda, mashine, hata tiketi ya ndege humo, bila fomu ya majina manne. Ukiingia uombe namba za mwanzo kwa sababu ya watoto, watakuelewa. Sharti watu mnajuana, asiwe mtu wa kuchukua halafu anahamia Texas (samahani kijana wa Texas).

La pili, ile ofisi iliyowapokea mlipofika, rudini mkaulize. Wengi hawana pesa ya kuwapa tena lakini wanajua ni kanisa gani linagawa vifaa na duka gani la vitu vilivyotumika linauza bei ya chini, mimi friji nilipata kwa njia hiyo, nzito kama mwamba na inafanya kazi mpaka leo.

Na komputa ya mtoto wa shule msikodi huko kabisa. Mwaka 2012 serikali iliyabana makampuni saba ya kukodisha namna hii kwa sababu komputa zao zilikuwa na programu ya kumfuatilia mteja, inaweza hata kumpiga picha kwa kamera akiwa nyumbani kwake. Walikatazwa, lakini mimi sikusahau.

Msafiri_Tanga

Hiyo ya kamera sikuijua, shikamoo mzee. Basi nimebadilika kidogo, kukodi kwa muda mfupi bado natetea, kukodi ili kitu kiwe chako hapana.

Mama_Neema

Baba, marahaba yako nimeipokea. Nimemsomea mume wangu kuanzia juu mpaka chini, alipofika kwenye pastor kupigiwa simu akasema basi. Kibati kipo, cha wamama wa Fizi, wanaanza mzunguko mpya mwezi ujao na nimeshaomba namba mbili. Binti kaona pea mtandaoni ya dola 350, mtu anahama, yuko dakika ishirini kutoka hapa. Kaka fundi nikienda kuiona niangalie nini?

Fundi_Zamani_FW

Safi. Omba akuwashie zote mbili mbele yako, usikubali "ilikuwa inafanya kazi jana". Ya kufulia iache ijaze maji, izunguke na imwage, sikiliza ikizunguka kwa kasi, kama inanguruma kama lori linalopanda mlima beringi zimekufa, achana nayo. Angalia chini kama kuna maji yanavuja na nyuma kama kuna kutu. Draya iwashe dakika tano weka mkono ndani, lazima iwe moto, ikizunguka bila moto usinunue.

Kabla hujaondoka nyumbani piga picha plagi ya ukutani ya draya. Hizi za umeme zinatumia volti 240, nyumba za zamani zina matundu matatu na za kuanzia miaka ya 90 katikati zina manne, na waya wa draya lazima ufanane na ukuta wako. Usipofanana waya mpya ni dola 20 au 30, unabadilishwa na mtu anayejua, mtu asijaribu kuchonga plagi. Na hakikisha draya sio ya gesi kama nyumba yako ni ya umeme, kwa picha zinafanana kabisa. Mipira ya maji nunua mipya ile iliyosukwa kwa chuma, ya zamani ikipasuka utalowesha jirani wa chini. Ukipata na bomba la hewa la draya chukua la bati, lile la plastiki tupa.

Mkiwa na gari dogo niambie, kuna jamaa wa Kigoma hapo Louisville ana pikap, nitamuuliza kama Jumamosi ana nafasi.

Mama_Neema

Muulize tafadhali. Plagi yetu ina matundu manne, binti kashapiga picha.